Kuhamisha Faili za Mashine Pepe kutoka Diski Moja ya Nje hadi Nyingine

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Ina mfumo endeshi wake, programu zake na data zake. Mtafiti aliyehifadhi humo rekodi za usaili wa uwandani, kisha diski ya nje inayoibeba ikaanza kukwamakwama, hana nafasi ya kujifunza kwa makosa. Baadhi ya watoa taarifa wake huenda wamekwisha kuhama au kufariki, na usaili wao haurudiwi. Makala haya yanafafanua uhamishaji huo kwa kutumia mfano wa VirtualBox.

Kosa la msingi ni kuidhania mashine pepe kuwa faili moja. Kwa hakika ni kabrasha lenye sehemu kadhaa. Kwanza, kuna faili ya mipangilio yenye kiishio .vbox, inayoeleza muundo wa mashine na mahali diski pepe ilipo. Pili, kuna diski pepe yenyewe, aghalabu yenye kiishio .vdi. Tatu, kuna picha za hali, iwapo mtumiaji aliwahi kuzihifadhi. Kila picha hubeba tu mabadiliko yaliyofuata ile iliyoitangulia; hivyo, mtu akinakili faili kuu ya .vdi peke yake, kazi ya karibuni hubaki nyuma. Aidha, diski pepe iliyowekwa nje ya kabrasha la mashine haina budi kutafutwa na kunakiliwa kando.

Kabla ya kunakili, mashine izimwe kabisa, wala isisimamishwe kwa muda tu. Diski mpya nayo ichunguzwe mfumo wake wa faili. FAT32 haipokei faili yenye ukubwa wa gigabaiti 4 au zaidi, ilhali diski pepe nyingi huzidi kiwango hicho. Kwa hiyo exFAT au NTFS hufaa zaidi. Vilevile, diski pepe inayokua kadiri inavyotumika huhitaji nafasi ya ziada.

VirtualBox ina amri yake ya kuhamisha mashine. Hata hivyo, kwa diski inayoelekea kuharibika, ni salama zaidi kunakili kabrasha zima na kuiacha asili mahali pake. Baada ya hapo, alama hakiki za faili, kwa mfano za SHA-256, zilinganishwe pande zote mbili. Ulinganisho huu utangulie kuwasha mashine, kwa sababu kuiwasha kwenyewe hubadilisha diski pepe.

Hatua inayofuata ni kuiondoa mashine ya zamani katika orodha ya programu, kwa kuwa kila diski pepe ina kitambulisho cha pekee na VirtualBox haisajili mbili zenye kitambulisho kimoja. Hapa ndipo penye hatari kubwa: programu huuliza kama faili zifutwe pia. Jibu liwe kuziacha. Kisha faili ya .vbox iliyo katika diski mpya iongezwe kwenye orodha.

Hatimaye mashine iwashwe, na rekodi kadhaa zifunguliwe na kusikilizwa. Diski ya zamani isifutwe hadi nakala nyingine ya pili ipatikane, kwani data iliyo mahali pamoja tu bado imo hatarini, hata kama diski yenyewe ni mpya.