Ekipe ya pili ya Hertha Berlin: vijana wa 1993 waliofika fainali

Huku Kolwezi, mtu akitaja ekipe ya pili, wengi wanafikiria vijana waliovaa jezi zilizochakaa, wanaocheza saa za asubuhi kabla ya wakubwa, na matokeo yao hayatangazwi popote. Mchezaji akiambiwa aende kule, anaona ameadhibiwa. Lakini katika mji wa Berlin, Ujerumani, kuna ekipe ya namna hiyo iliyofanya jambo ambalo wakubwa wake hawajalifanya mpaka leo.

Tarehe 12 Juni 1993, zaidi ya watu 70,000 waliingia Olympiastadion kutazama fainali ya Kombe la Ujerumani. Upande mmoja kulikuwa na Bayer Leverkusen ya divisheni ya kwanza. Upande wa pili ilikuwa Hertha BSC, wenyeji wa uwanja. Si ile Hertha kubwa, maana hiyo ilikuwa divisheni ya pili wakati ule na ilikuwa imeshatolewa. Walioingia uwanjani ni Hertha Amateure, yaani ekipe ya akiba, ya divisheni ya tatu. Kabla yao hakuna ekipe ya akiba iliyowahi kufika fainali hiyo.

Njia yao haikuwa ya bahati. Chini ya mkufunzi Jochem Ziegert waliwapiga Heidelberg 3-0, kisha VfB Leipzig 4-2. Halafu ikaja Hannover 96, mabingwa watetezi, waliokuwa wamelichukua kombe lenyewe mwaka mmoja nyuma. Wakatoka na ushindi wa 4-3. Katika robo fainali wakaitoa Nürnberg ya divisheni ya kwanza, 2-1, na katika nusu fainali Chemnitz, tena 2-1. Wapenzi wa mpira wa Berlin wakawapa jina la utani, Hertha-Bubis, yaani watoto wa Hertha.

Na kweli walikuwa watoto. Kipa Christian Fiedler alikuwa na miaka 18, Carsten Ramelow 19. Walisimama imara mpaka dakika ya 77, ndipo Ulf Kirsten akafunga kwa kichwa. 1-0, mchezo ukaisha, Leverkusen ikabeba kombe.

Tazama sasa walikofika. Fiedler alibaki Hertha mpaka 2009. Ramelow alihamia Leverkusen, walewale waliomliza, na mwaka 2002 alianza katika fainali ya Kombe la Dunia dhidi ya Brazili. Miaka kadhaa baadaye ndugu wawili wenye baba Mghana, Kevin-Prince na Jérôme Boateng, walipita pia katika ekipe hiyohiyo ya pili. Mwaka 2010, katika Kombe la Dunia la Afrika Kusini, walikutana uwanjani, mmoja na Ghana, mwingine na Ujerumani.

Siri yenyewe ni nyepesi. Ujerumani, ekipe ya pili haichezi na ekipe za pili za wengine peke yake. Inaingizwa katika divisheni za kawaida, pamoja na klabu za watu wazima. Kijana wa miaka 19 anakutana na beki wa miaka 32 anayetafuta mkate wa watoto wake, ambaye hatamhurumia. Akipoteza, anashuka divisheni kweli. Huko ndiko anakokomaa.

Kuna mipaka pia. Ekipe ya akiba haiwezi kupanda kupita divisheni ya tatu. Mwaka 2020 Bayern München II ilikuwa bingwa wa divisheni hiyo, lakini ikabaki palepale kwa sababu ya kanuni. Tangu 2008 ekipe hizi haziruhusiwi tena katika Kombe la Ujerumani, kwa hiyo safari ya 1993 haiwezi kurudiwa. Na si kila klabu inaona faida. Klabu kubwa ziliporuhusiwa mwaka 2014 kuishi bila ekipe ya pili, Leverkusen ilikuwa kati ya zile zilizoifunga ya kwao.

Kwetu Katanga tuna mfano wetu, ingawa si sawa kabisa. CS Don Bosco ya Lubumbashi inajulikana kwa miaka mingi kama klabu dada ya TP Mazembe, mahali ambapo vijana wanapata michezo kabla ya kuvaa jezi nyeusi na nyeupe. Kwa mchezaji ni jambo zuri: anacheza Linafoot, si mazoezi tu. Ila Don Bosco na Mazembe zimecheza pamoja katika divisheni moja ya juu. Wajerumani walilifunga swali hilo kwa kanuni. Sisi tumeliacha wazi, na mashabiki wa klabu nyingine wana haki ya kuliuliza.

Kijana wa Kolwezi naye, akikosa nafasi AS Simba, mara nyingi anaangalia barabara ya Lubumbashi, karibu kilomita 300, na familia ndiyo inayolipa. Lakini entente ya mji ina mashindano yake hapahapa. Ekipe ya pili yenye mkufunzi wake, ikicheza humo na wakubwa kila wiki, ingegharimu kidogo kuliko wachezaji wawili wanaoletwa kutoka mbali. Sijui kama viongozi wetu wana subira ya miaka mitano. Mashabiki ndio wenye haraka zaidi, nami nikiwa mmoja wao.

Na Hertha kubwa? Tangu 1985 fainali ya Kombe la Ujerumani inachezwa kila mwaka Olympiastadion, nyumbani kwao kabisa. Ekipe yao ya kwanza haijawahi kuicheza hapo hata mara moja. Jezi za Hertha zilizoonekana katika fainali hiyo ni zile za ekipe ya pili.