Mukula: mti wa damu kwa Walunda, mbao ya thamani kwa Wachina

KASAJI – Katika maandishi ya Kichina, mti ni mchoro: shina, matawi na mizizi. Unasomwa "mu". Andika "mu" mbili pamoja, unapata msitu. Ongeza mstari mdogo chini ya shina, inakuwa "ben", yaani mzizi au asili. Lakini "mu" hiyo hiyo ni pia mbao. Mti uliosimama porini na mbao iliyo dukani vinaweza kuandikwa kwa alama moja.

Ndiyo maana jina "hongmu" linaeleweka haraka kwa mnunuzi wa China: "hong" ni nyekundu, rangi ya furaha na ya harusi. Viti na makabati ya hongmu yalikuwa fahari ya matajiri tangu enzi za wafalme wa Ming na Qing. Miti ya Asia ilipopungua, wafanyabiashara waligeukia Afrika, na mukula wa Katanga na Zambia ukaingia sokoni. Mwaka 2017, Zambia ilizuia mamia ya malori yaliyobeba magogo hayo kutoka Kongo.

Huku Kasaji, wilayani Dilolo, hakuna haja ya kueleza wekundu wa mukula. Ukikatwa, unatoa utomvu kama damu, kisha utomvu unaganda. Ng'ambo ya mpaka, Mwinilunga, mtafiti Mwingereza Victor Turner aliishi na Walunda Wandembu miaka ya 1950. Alieleza kwamba katika mukanda, vijana waliotahiriwa walikalishwa juu ya gogo la mukula ili vidonda vikauke upesi kama utomvu ule. Wandembu wenyewe walilihusisha jina lake na "kukula": kukomaa, na kwa msichana, kuona damu ya kwanza.

Kwa jina mukula watu huita miti miwili ya ukoo mmoja. Ule unaosakwa zaidi na wafanyabiashara, ambao Watanzania huuita mkurungu, uliwekwa chini ya mkataba wa kimataifa wa CITES mwaka 2019. Mwaka 2022, mkutano wa Panama uliongeza ndugu zake wote wa Afrika, pamoja na ule wa mukanda. Tangu hapo, gogo halipaswi kuvuka mpaka bila kibali, na kabla ya kukitoa, serikali inatakiwa kuhakikisha kwamba ukataji hautamaliza mti huo porini.