Karata zikiingia sebuleni, anayefungwa ni mwenye nyumba

Kwa desturi ya miji yetu ya pwani, mchezo wa karata hauna mwenyeji. Huchezwa barazani, juu ya mkeka au kibao, na kila aliyekaa pale amekaa kwa hiari yake. Muuza kahawa hupita na birika lake, na mwenye kutaka kikombe hulipia kikombe chake. Ikiadhiniwa Isha watu hunyanyuka. Mvua ikinyesha kila mtu hukimbilia kwake. Hakuna mwenye mamlaka ya kumwambia mwenzake aondoke, wala hakuna haja hiyo, kwa sababu hakuna aliyemwalika mwenzake.

Siku hizi mambo yamebadilika, nasi tunayaona zaidi hapa Chumbageni, katika nyumba zilizozungushiwa ukuta na geti, zisizo na baraza ya kukaa watu. Karata zimeingia ndani. Usiku wa Jumamosi, baada ya Isha, wanaume sita au wanane hukusanyika sebuleni kwa mmoja wao. Wanne hucheza, waliobaki hungoja zamu na kusahihisha makosa ya wanaocheza. Mchezo ni uleule, ila sasa una mwenyeji, na mwenyeji huyo ana mke, ana watoto waliolala na ana jirani nyuma ya ukuta.

Hatuandiki haya kwa kuubeza mchezo wenyewe. Wahedi sitini ni mchezo wa hesabu na kumbukumbu, nao una historia ndefu katika mwambao huu. Jina lake ni la Kiarabu, sitini na moja, lakini kopa, uru, pau, shupaza, na hata neno turufu, ni maneno tuliyoachiwa na Wareno. Ree huhesabiwa 11, saba huhesabiwa 10, na zile karata za picha huitwa kwa thamani zao: mzungu wa nne, mzungu wa tatu, mzungu wa pili. Ukijumlisha zote unapata 120, kwa hiyo mwenye 61 ameshinda. Wazee wengi walijifunza kujumlisha haraka kwa njia hii kabla hawajashika kalamu.

Lakini tuingie sebuleni tuone kinachotokea.

Mchezo umepangwa kuanza saa 3 usiku. Saa 3 wamefika watatu, na wahedi sitini haichezwi na watatu. Wa nne yuko njiani. Amekuwa njiani tangu saa 2 na nusu. Anapofika, amefuatana na rafiki ambaye mwenye nyumba hamjui. Huyu atavuta sigara dirishani, na moshi utaingia chumba cha watoto. Mwingine amekuja na simu mbili na hucheza huku akizijibu zote, hata ikifika zamu yake lazima aulizwe mara mbili. Wa tatu ni hodari kweli, ila hawezi kucheza bila kuipiga karata mezani kwa kishindo, na akishindwa hudai kwamba karata hazikuchangwa sawasawa.

Na mwenyeji? Huyo ndiye anayecheza vibaya kuliko wote. Katika mchezo mmoja atanyanyuka mara tatu: kufungua geti, kuleta maji, kumwonyesha mtu choo. Akirudi amesahau turufu ni ipi, na mwenzake wa upande mmoja anamlaumu mbele ya watu, ndani ya nyumba yake, juu ya kochi lake.

Bado hatujafika jikoni. Huko yupo mwanamke aliyeamka kabla ya jua, akapika, akafua, akaswalisha watoto, na sasa anakaanga bajia saa 4 usiku. Sauti inatoka sebuleni, ya adabu na ya upendo kabisa: “Shemeji, kahawa imeisha?” Imeisha. Basi atachemsha nyingine. Kahawa, tangawizi, sukari, mafuta, gesi, umeme wa luku kwa ajili ya feni na taa, vyote vinatoka katika fungu la matumizi ya nyumba, na mara nyingi fungu hilo limo mkononi mwake yeye. Barazani kila mtu alilipia kikombe chake. Humu ndani vikombe vyote vimekuwa vya mama wa nyumba.

Tena kuna jambo ambalo wanaume wengi hawalitambui mpaka waambiwe. Katika nyumba zetu nyingi, njia ya kwenda choo na bafu inapita mbele ya sebule. Wageni wakikaa saa tano, mwanamke huyo amefungiwa chumbani saa tano, au anavaa mtandio na kujistiri ndani ya nyumba yake mwenyewe kila anapotaka kwenda kutawadha. Mtoto aliyezoea kulala sebuleni amehamishiwa kitandani kwa mama. Na nyuma ya ukuta, jirani mwenye mgonjwa anahesabu vishindo vya karata. Mtume (SAW) alifungamanisha kumwamini Allah na Siku ya Mwisho na kutomuudhi jirani. Hilo kila mtu pale mezani amelisikia msikitini.

Mwenye nyumba naye anayaona yote hayo, ila hawezi kusema, maana katika malezi yetu mgeni hafukuzwi. Atapiga miayo, atatazama saa ya ukutani, atazima feni moja. Wageni nao watasema, “Mmoja wa mwisho,” na baada ya huo, mwingine wa mwisho.

Anayedhani udhia huu ni mdogo mno kwa dini kuugusa, na asome Aya ya 53 ya Suratul Ahzab. Aya hiyo iliteremka kuhusu karamu ya ndoa ya Mtume (SAW) na Bi Zaynab bint Jahsh (RA). Anas bin Malik (RA) amesimulia, na masimulizi yake yamo katika Bukhari na Muslim, kwamba watu walikula, kisha baadhi yao wakabaki wanazungumza. Mtume (SAW) alitaka waondoke, lakini alistahi kuwaambia. Akanyanyuka akatoka, akitarajia nao watatoka. Akarudi, akawakuta wangali wamekaa. Ndipo Allah (SW) akawafundisha waumini kwamba wakishakula watawanyike, wasikae kwa kustarehe na mazungumzo, kwa sababu jambo hilo lilikuwa likimuudhi Mtume naye anawaonea haya, na Allah haoni haya kusema lililo kweli.

Tuitafakari aya hiyo. Ikiwa mbora wa viumbe alishindwa na haya kuwaambia watu watoke nyumbani kwake, mume wa Chumbageni atapata wapi ulimi wa kusema hivyo saa 6 usiku? Aya haikumwambia mwenye nyumba awe mkavu. Imewaambia wageni wanyanyuke. Mzigo wa kuumaliza usiku umewekwa juu ya aliyealikwa, nasi tumeugeuza tukamwachia aliyealika. Katika hadithi ya haki ya mgeni pia, baada ya kutajwa siku tatu za ukarimu, limekuja katazo la mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki.

Na kuna Alfajiri. Imepokewa kwamba Mtume (SAW) alichukia kulala kabla ya Isha na kuzungumza baada yake. Wanazuoni wamevua katika hilo mazungumzo ya elimu, ya mgeni na ya mtu na ahali yake, na wapo watakaojificha nyuma ya neno mgeni. Lakini aliyeachana na karata saa 8 usiku hana hoja kubwa mbele ya adhana inayotoka karibu na saa 11.

Sasa tufike mahali pazito zaidi. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi wetu pwani, wamepambanua baina ya mchezo unaotegemea hesabu na fikra na ule unaotegemea bahati na kukisia tu. Wa pili wameuharamisha, na wa kwanza wameukaribia kwa tahadhari, kwa sharti kwamba hauna dau wala haupotezi Swala. Karata zinaingia wapi, hilo kila mmoja amuulize sheikh wake. Lakini juu ya dau hakuna hitilafu, na dau huingia sebuleni kwa mlango mdogo sana. Huanza kwa kauli nyepesi: watakaofungwa wanunue soda. Wiki ya pili ni soda na chipsi. Wiki ya tatu kila mtu ameweka noti chini ya kikombe, “ili mchezo uchangamke.” Soda inayolipwa na aliyefungwa ni dau. Wenye kutaka soda na wachange sawasawa kabla karata hazijagawiwa, au anunue mmoja kwa ukarimu wake, bila kujali nani kafungwa.

Serikali inao utaratibu wake. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 imeunda bodi ya kuisimamia michezo hiyo na kutoa leseni. Leseni hiyo haihalalishi kwetu kilichokatazwa katika Suratul Maida. Aya ya 91 ya sura hiyo inataja madhara mawili ya pombe na kamari: uadui na chuki baina ya watu, na kuzuiliwa na kumkumbuka Allah na Swala. Atazame mwenye nyumba kama yote mawili hayajaingia sebuleni kwake hata kabla ya noti ya kwanza. Na atazame nani amekaa nyuma ya kochi. Kijana wa miaka kumi na minne anayemwona baba akiweka noti chini ya kikombe hatamsikiliza kesho akikatazwa kubeti mpira kwenye simu.

Zipo nyumba zilizopata njia. Wengine wameandika katika ujumbe wa mwaliko saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na mkubwa wao kwa umri ndiye anayenyanyuka wa kwanza ikifika saa 4 na nusu, ili mwenyeji asilazimike kusema. Wengine huzungusha zamu baina ya nyumba, na kila mgeni huja na kitu mkononi, hata kama ni kilo ya sukari. Baadhi wameuondoa mchezo ndani kabisa: Jumamosi baada ya Alasiri hutandika mkeka nje ya geti, kwenye kivuli cha ukuta, na karata hukusanywa Magharibi inapoadhiniwa. Muuza kahawa ameshaijua njia.