Oktoberfest ng'ambo: sherehe ya nani? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliiona Oktoberfest ikiwa nyumbani kwake Munich: meya akipigilia bilula kwenye pipa la kwanza kwa nyundo ya mbao, saa sita kamili mchana, kisha wahudumu wakipenya katikati ya meza ndefu na magi za kioo za lita moja moja. Leo tunaifuata ughaibuni, ambako imeenea kuliko sherehe nyingine yoyote ya Kijerumani. Lawama inayosikika mara kwa mara ni kwamba sherehe za ng'ambo ni bandia, kaptula za ngozi na muziki wa matarumbeta visivyo na mzizi. Nadhani lawama hiyo inakosea tangu mwanzo. Sherehe hizi zina mizizi, ila haiko Bavaria. Kila mji umeazima vazi la Munich ili kusimulia mambo yaliyoupata wenyewe.

Tukumbuke kwanza kwamba hata Munich ilitunga. Bavaria ilifanywa ufalme mwaka 1806 kwa hisani ya Napoleon, ikaongezewa nchi ambazo watu wake hawakujiona Wabavaria. Mwanamfalme Ludwig alipomwoa Therese Oktoba 1810, shangwe zilihitimishwa kwa mashindano ya farasi kwenye uwanda nje ya mji, na watawala wakaona faida ya kuwakusanya raia wa kila pembe mbele ya mfalme mmoja. Mwaka uliofuata yaliongezwa maonyesho ya kilimo. Mahema makubwa ya bia yalikuja kutawala uwanja baadaye sana. Basi anayedai asili safi itambidi awarudishe farasi kwanza.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Blumenau, kusini mwa Brazili, mji ulioanzishwa mwaka 1850 na Hermann Blumenau. Walowezi wake wengi walitoka kaskazini na mashariki mwa nchi za Kijerumani, Pomerania ikiwemo, wala si Bavaria. Mwishoni mwa miaka ya 1930 serikali ya Getúlio Vargas ilifunga shule zilizofundisha kwa Kijerumani, na Brazili ilipoingia vitani mwaka 1942, kusema lugha ya mama hadharani kuliweza kumfikisha mtu rumande. Kizazi kizima kilijifunza kunong'ona. Kisha, Julai 1983 na tena Agosti 1984, mto Itajaí-Açu ulifurika zaidi ya mita 15 na kuzamisha nyumba na maduka. Oktoba hiyohiyo ya 1984 mji uliandaa Oktoberfest yake ya kwanza, kwa siku kumi, ili kuinua uchumi na nyoyo za watu. Humo mna shindano ambalo Munich haina: mnywaji hupewa bilauri nyembamba yenye urefu wa mita moja, naye huimaliza bila kuitoa mdomoni. Huko Kanada, mji wa Kitchener uliitwa Berlin hadi mwaka 1916, ulipobadilishwa jina kwa tofauti ya kura chache, katika joto la vita, ukapewa jina la waziri wa vita wa Uingereza. Oktoberfest ilianza huko mwaka 1969, na gwaride lake kuu hupita Siku ya Shukrani, sikukuu ya Wakanada wote. Watu walionyamazishwa walitafuta namna ya kurudi hadharani bila kumtisha jirani, na bia na ngoma vilitosha.

Yupo atakayesema kwamba haya yote ni biashara. Ni kweli kwamba viwanda vya bia na hoteli huvuna, lakini Munich nako huvuna: ni viwanda sita tu vya mji huo vinavyoruhusiwa kuuza bia mahemani, na mwaka 2023 walifika watu wapatao milioni 7.2. Faida haifuti maana. Pingamizi zito zaidi linatoka Namibia. Windhoek nako husherehekewa Oktoberfest, lakini huko Kijerumani kilitamalaki na utawala wa kikoloni uliowaangamiza Waherero na Wanama kati ya mwaka 1904 na 1908, miaka ileile ambayo utawala huohuo ulizima Vita vya Maji Maji kwetu. Hoja yangu ya walionyamazishwa haiwezi kuwafaa wazao wa waliotawala, na sitaki kuinyoosha hadi huko. Inachothibitisha Windhoek ni kwamba sherehe hubeba historia ya mahali ilipo, iwe ya majeraha au ya mabavu, na wanaoiandaa wana wajibu wa kuitamka.

Kuhusu umiliki, Munich imepigania haki yake mahakamani. Mwaka 2021, Oktoberfest yenyewe ilipofutwa kwa sababu ya korona, waandaaji walitangaza sherehe huko Dubai kana kwamba ile ya Munich imehamia Ghuba. Mahakama ya Munich ikawazuia kutangaza hivyo. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliandikisha jina la bia ya Oktoberfest kuwa mali ya viwanda vya Munich. Hukumu ile ya mahakama ilikuwa ya haki, maana Dubai haikuwa na simulizi yake yenyewe ya kuvisha vazi hilo. Ilitaka sifa ya mwenzake. Blumenau haijawahi kujidai kuwa ndiyo Munich.