Kizunguzungu kila unaposimama: daktari wa kumwona ni yupi?

Mkazi anayepatwa na kizunguzungu kila anapoinuka kitandani, macho yakaingia giza au moyo ukamwenda mbio, mara nyingi huhangaika kwa muda mrefu kabla ya kujua kinachomsumbua. Leo hupimwa malaria, kesho huambiwa damu imepungua, keshokutwa hununua vidonge katika duka la dawa muhimu. Wapo wanaoambiwa kwamba ni mawazo tu.

Yawezekana tatizo liko katika ile sehemu ya mfumo wa fahamu inayojiendesha yenyewe bila mtu kuamua. Sehemu hiyo huongoza mapigo ya moyo, shinikizo la damu, jasho, usagaji wa chakula na utoaji wa haja ndogo. Mtu anaposimama, kati ya nusu lita na lita moja ya damu hushuka tumboni na miguuni. Kwa kawaida mishipa hujikaza mara moja, moyo huongeza kasi kidogo, na mwenyewe hahisi lolote. Mfumo ukiwa na hitilafu, ubongo hukosa damu ya kutosha kwa muda. Kwa wazee hapo ndipo penye hatari kubwa, kwa kuwa anguko moja usiku njiani kuelekea chooni laweza kuvunja nyonga.

Wengi hudhani kwamba uchunguzi wa namna hii huanzia Dar es Salaam. Huanzia zahanati. Mgonjwa hulazwa chali kwa dakika 5, hupimwa shinikizo la damu na mapigo ya moyo, kisha husimama na kupimwa tena baada ya dakika 1 na baada ya dakika 3, mtu akiwa karibu wa kumshika asianguke. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, shinikizo lake hushuka kupita kiasi anaposimama. Kwa vijana, hasa wanawake, kipimo huendelezwa hadi dakika 10: mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika bila shinikizo kushuka (40 kwa wenye umri wa miaka 12 hadi 19), hilo nalo ni jambo la kuchunguzwa. Kipimo hiki hakihitaji maabara, na pengine ndiyo sababu husahaulika. Mgonjwa akipimwa akiwa ameketi tu, tofauti hiyo yaweza isionekane kabisa, hivyo anayo haki ya kuomba apimwe akiwa amelala na akiwa amesimama, na namba zote ziandikwe katika daftari lake.

Chanzo si kimoja. Upungufu wa damu, kuharisha na kukosa maji mwilini huleta dalili hizohizo na ni lazima viondolewe kwanza. Dawa za shinikizo la damu, za kukojoza na za tezi dume nazo huweza kusababisha hali hii. Mgonjwa asiziache kwa uamuzi wake, bali azibebe zote na maboksi yake ampelekee daktari. Kisukari cha miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu, na mwenye kisukari anayepata kizunguzungu pamoja na ganzi ya miguu, tumbo kujaa haraka, taabu ya kukojoa au upungufu wa nguvu za kiume ayataje yote kwa pamoja. Wengi huona haya kuyataja hayo mawili ya mwisho, ilhali ndiyo yanayomwonyesha daktari kwamba tatizo ni moja.

Kutoka zahanati au kituo cha afya, rufaa huelekea hospitali ya wilaya, kisha kwa daktari bingwa wa magonjwa ya ndani katika hospitali ya rufaa ya mkoa. Huyu ndiye anayefaa kuonwa kwanza miongoni mwa mabingwa, kwa sababu hutazama mwili mzima. Akiona mapigo yasiyo na mpangilio atampeleka mgonjwa kwa bingwa wa moyo. Akiona mwili umekakamaa, mikono inatetemeka au ganzi inaenea, atampeleka kwa bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu, ambaye ni tofauti na daktari wa upasuaji wa ubongo. Mabingwa wa aina hizo hutafutwa katika hospitali za kanda kama KCMC na Bugando, au Muhimbili. Kwa moyo ipo pia Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Mwenye bima aulize dirisha la bima kuhusu barua ya rufaa kabla ya kukata tiketi ya basi.

Safari hiyo ya ngazi kwa ngazi haimhusu anayezirai akiwa katika kazi nzito, anayepata maumivu ya kifua, anayelegea upande mmoja wa mwili au anayepata choo cheusi. Huyo apelekwe hospitali siku hiyohiyo.