C. J. Hambro, Mkuu wa Baraza la Norwe

Norwe ni nchi ya kaskazini ya Ulaya, nchi ya milima na theluji, ambayo bahari imeingia ndani yake kwa hori nyembamba zilizo ndefu sana. Wenyeji wake wana mfalme, walakini mfalme hatungi sheria. Sheria hutungwa na baraza la watu waliochaguliwa na raia, nalo huitwa Storting, maana yake Baraza Kuu. Mwaka 1940 baraza hilo lilikuwa na wajumbe 150, na aliyeongoza mikutano yake ni Carl Joachim Hambro.

Hambro alizaliwa mjini Bergen tarehe 5 Januari 1885. Baba yake alikuwa mkuu wa shule, na mtoto akakua kati ya vitabu. Alisoma elimu ya lugha, kisha mwaka 1913 akawa mhariri wa gazeti liitwalo Morgenbladet, yaani Gazeti la Asubuhi. Kazi ya mhariri si kuandika tu. Habari humjia usiku, nyingine za kweli na nyingine za uwongo, naye hana budi kukata shauri kabla ya mapambazuko, maana gazeti halingoji mtu. Kazi hiyo aliifanya miaka sita. Mwaka 1919 akaingia katika Baraza, akakaa humo mpaka mwaka 1957.

Alikuwa mtu wa chama cha Høyre, maana yake Mkono wa Kuume, na ulimi wake ulikuwa mkali. Waliopata kuumizwa zaidi na maneno yake ni watu wa chama cha Wafanya Kazi, ambao walishika serikali mwaka 1935, waziri mkuu wao akiwa Johan Nygaardsvold. Hambro mwenyewe alikuwa na adui zake. Wazee wake wa kale walikuwa Wayahudi waliotoka Denmark, na Wanorwe waliomfuata Hitler walimtukana kwa ajili ya asili hiyo.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Aprili 1940, manowari za Wajerumani zikaingia katika hori za Norwe pasipo kutangaza vita. Alfajiri balozi wa Ujerumani, jina lake Curt Bräuer, akamwendea waziri wa mambo ya nchi za nje, Halvdan Koht, akamtaka Norwe ijitie chini ya ulinzi wa Wajerumani. Taa za mji zilikuwa zimezimwa kwa kuogopa ndege. Mawaziri wakakataa. Basi ikawa hatari moja kubwa: Wajerumani wakimkamata mfalme, mawaziri na wajumbe wote pamoja mjini Oslo, wangeweza kuwalazimisha kutia sahihi neno lo lote, na nchi nzima ingefungwa kwa sahihi ile. Denmark ilishambuliwa asubuhi ile ile, na mfalme wake na serikali yake wakajitoa kwa muda wa saa chache tu.

Hambro hakuwa na askari hata mmoja. Alichofanya ni kuagiza gari la moshi. Saa moja na dakika ishirini na tatu asubuhi likaondoka Oslo, limewachukua mfalme Haakon na jamaa zake, mawaziri na wajumbe, likielekea kaskazini mpaka mji wa Hamar. Nafasi hiyo waliipata pia kwa kazi ya ngome ya Oscarsborg, ambayo mizinga yake mikuukuu na mabomu yake ya chini ya maji yaliizamisha manowari kubwa Blücher katika hori iendayo Oslo. Manowari hiyo ilikuwa imewapakia watu ambao kazi yao ilikuwa kuuteka mji.

Hamar Baraza likakutana mchana. Watu walikuwa wamechoka, hawakulala, na wengi walikata tamaa. Hata ikakubaliwa kuchagua watu wa kuzungumza na Wajerumani. Nygaardsvold akataka kujiuzulu pamoja na mawaziri wake. Hapo ndipo Hambro alipoonyesha jinsi alivyo. Serikali ile alikuwa ameipinga miaka mitano, na sasa ilikuwa mbele yake imelegea. Yeye akasihi mawaziri wakae katika kazi yao, na watu wa vyama vingine wakaongezwa kuwasaidia. Jioni, mkutano ukiwa unaendelea, akawaambia wajumbe kwamba Wajerumani wako njiani na gari la moshi linangoja. Wakaondoka upesi, wakaenda Elverum.

Huko Elverum walikutana katika shule. Usiku ule Hambro akaleta maneno ambayo Wanorwe huyakumbuka hata leo: serikali ipewe uwezo wa kulinda mambo ya nchi, hata ikilazimika kukaa nje ya nchi, mpaka Baraza litakapoweza kukutana tena. Kura hazikuhesabiwa; hakuna aliyepinga. Kwa sababu hiyo wanasheria walibishana baadaye kama neno lile lilikuwa halali kamili. Lakini serikali ililishika. Tarehe 7 Juni mfalme na mawaziri walivuka bahari kwenda Uingereza, nao huko walikuwa ndio serikali ya haki ya Norwe, wenye amri juu ya meli za biashara zipatazo 1,000. Meli hizo zilichukua mafuta na chakula miaka yote ya vita, na mabaharia wengi walizama pamoja nazo.

Hambro mwenyewe alikwenda Sweden, kisha Marekani, akiandika na kuhutubia kwa ajili ya nchi yake. Alirudi kwao mwaka 1945. Mwaka uliofuata alikuwa Geneva, mkuu wa mkutano wa mwisho wa Chama cha Mataifa, chama kilichoshindwa kuzuia vita; wakakifunga. Kadhalika alikuwa mmoja wa watu watano waliotoa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1960, waliyompa Albert Luthuli wa Afrika Kusini. Alifariki tarehe 15 Desemba 1964. Mjini Oslo uko uwanja uitwao kwa jina lake, na jumba la mahakama ya mji limejengwa hapo.