Teodor Shumovsky na rahamani tatu za Ibn Majid

Ahmad ibn Majid, rubani mkubwa wa Bahari ya Hindi katika karne ya 15, alizaliwa Julfar, pwani ya Ras al-Khaimah ya leo. Elimu yake aliitia katika mashairi ili manahodha waihifadhi moyoni, kama wanafunzi wa chuoni wahifadhivyo matini. Tungo zake tatu zilikaa muda mrefu katika hazina ya hati za Kiarabu mjini Leningrad, ambao leo ni Saint Petersburg, pasi na mtu kuzichapisha. Aliyezitoa gizani ni mwanachuoni wa Urusi, Teodor Shumovsky.

Shumovsky alizaliwa mwaka 1913 mjini Zhitomir katika familia ya Kipolandi, akakulia Shamakhi, Azerbaijan. Huko ndiko maandishi ya Kiarabu ya makaburi na majengo ya kale yalikomtia shauku. Katika Chuo Kikuu cha Leningrad alisoma kwa Ignaty Krachkovsky, bingwa wa Kiarabu na mfasiri wa Qur'ani kwa Kirusi. Mwalimu huyo ndiye aliyemwelekeza kwenye hati ya Ibn Majid.

Kazi haijafika mbali, msiba ukamfika. Mwezi Februari 1938, enzi za Stalin, alikamatwa akiwa bado mwanafunzi. Kesi yake iliunganishwa na ya wenzake wawili, mmoja wao Lev Gumilev, ambaye baadaye alikuwa mwanahistoria mashuhuri. Alipelekwa kwenye kambi za kazi ngumu. Aliachiwa 1944, akatetea tasnifu yake 1948, na mwaka uliofuata akakamatwa tena. Krachkovsky alifariki 1951, na mwanafunzi wake yumo kifungoni. Hakutoka hadi 1956.

Hapa ndipo msomaji atakapostaajabu, kwani mwaka 1957 tu kitabu chake kilichapishwa: matini ya Kiarabu ya rahamani zote tatu, yaani miongozo ya safari za baharini, pamoja na tafsiri na sherehe. Moja yahusu njia ya mashariki hadi Malaka, nyingine njia ya Bahari ya Shamu. Ya tatu, as-Sufaliyya, yatugusa sisi hasa, kwani yaeleza njia ya pwani yetu hadi Sofala, iliyoko Msumbiji. Humo rubani atajiwa bandari, pepo za misimu, na kimo cha nyota kinachopimwa kwa vidole. Basi ni ushahidi wa Mwislamu aliyeijua bahari hii kabla Mreno hajaimiliki.

Katika anwani ya kitabu, Shumovsky alimwita Ibn Majid rubani wa Vasco da Gama, aliyemvusha kutoka Malindi hadi India mwaka 1498. Riwaya hiyo yatokana na Qutb al-Din al-Nahrawali, mwandishi wa Makka wa karne ya 16. Wanahistoria wengi wa leo hawaikubali, kwani waandishi wa Kireno humtaja rubani huyo kuwa ni mtu wa Gujarati. Kwetu sisi, kosa hilo, likiwa ni kosa, haliipunguzii as-Sufaliyya uzito wake hata chembe.

Shumovsky aliendelea na Ibn Majid kwa miongo mingine, akakifasiri pia Kitab al-Fawa'id, kitabu chake kikubwa cha elimu ya bahari. Mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 80, alichapisha tafsiri ya Qur'ani kwa Kirusi katika mtindo wa mashairi. Alifariki Saint Petersburg mwaka 2012, akiwa na miaka 99.